Ofa haifiki Kinondoni, bure inafika

Kila asubuhi wasomaji wa Marekani na Uingereza hufungua barua pepe na kukuta orodha fupi ya vitabu vilivyoshushwa bei. Riwaya iliyokuwa dola 12 jana, leo ni dola 1.99. Ya upelelezi, ya kwanza katika mfululizo wa sita, haina bei kabisa. Kampuni ya BookBub, iliyoanza mwaka 2012, imejijengea jina kwa kazi hiyo ya kutangaza punguzo, na Amazon nayo ina ofa zake za siku moja ambazo kesho yake hazipo. Mlevi wa vitabu aliyeko Ohio anaweza kujaza kishikwambi chake kwa pesa ya chakula cha mchana.

Msomaji wa Kinondoni, Kisauni au Ntinda akibonyeza tangazo lilelile, mara nyingi hukuta bei kamili, au ujumbe kwamba kitabu hicho hakiuzwi katika nchi yake. Wengi hudhani simu ndiyo mbovu. Simu ni nzima. Haki ya kuuza kitabu hugawanywa kwa nchi hata kabla hakijachapwa. Mchapishaji wa New York hununua haki za Amerika Kaskazini. Wa London hununua za Uingereza pamoja na nchi ilizowahi kuzitawala, na humo ndimo Tanzania, Kenya na Uganda huangukia. Punguzo la yule wa New York haliwezi kuvuka kuja kwetu hata yeye mwenyewe akipenda. Bendera ya Mwingereza ilishushwa miaka ya sitini, lakini kwenye mikataba ya vitabu bado inapepea.

Kisichosemwa sana ni kwamba mpaka huohuo una upande wa pili, na upande huo unatupendelea sisi. Nitaufikia. Kwanza tumalizane na ofa, maana zipo chache zinazotufikia, na anayejua zinavyopikwa huziwahi.

Amazon humlipa mwandishi anayejichapishia asilimia 70 katika masoko yake makubwa, mradi kitabu kiuzwe kati ya dola 2.99 na 9.99. Nje ya hapo humpa asilimia 35. Ndiyo maana vitabu vingi vya waandishi wa aina hiyo vimesimama kwenye 2.99, takriban shilingi 7,500 za Tanzania au 390 za Kenya. Mwandishi akishuka hadi senti 99 anajua kwamba anaumia. Anachotafuta si hizo senti, ni wewe. Kitabu cha kwanza cha mfululizo hutolewa bure kama muuza machungwa anavyokukatia kipande uonje, kwa hesabu kwamba vitano vilivyobaki utavinunua kwa bei yake. Onja bila haya, na ladha ikikukataa, nenda zako.

Wachapishaji wakubwa wao hushusha bei ya kazi za zamani mwandishi anapokaribia kutoa kitabu kipya, au riwaya inapotengenezewa filamu. Mwenye subira huweka jina la kitabu kwenye orodha ya matamanio na kupita kuchungulia mara mojamoja. Tena duka hukuruhusu kusoma mwanzo wa kitabu bure, kama asilimia 10 hivi. Usome mwanzo huo kabla ya kulipa. Nimeona simu za watu zimebeba mamia ya vitabu vya dola moja moja ambavyo havikuwahi kufunguliwa. Huo si ubahili mzuri, ni ununuzi wa mazoea.

Kulipa si kazi ngumu kama zamani, kwa kuwa siku hizi kuna kadi pepe zinazojazwa kutoka pesa ya simu. Kumbuka tu kwamba bei unayoiona huenda isiwe bei utakayokatwa: Kenya, kwa mfano, hutoza VAT ya asilimia 16 kwa bidhaa za kidijitali zinazouzwa kutoka nje. Walioko ughaibuni wana njia nafuu kuliko zote. Kadi ya maktaba ya mji wao, pamoja na programu ya Libby, huwapa vitabu vipya vya kuazima bila senti, na nashangaa ni wangapi hawajaichukua hiyo kadi. Kuhusu ule ushauri wa vijiweni kwamba ubadilishe anwani uandike ya binamu yako wa Minnesota, mimi simo. Akaunti ikifungwa, maktaba yako yote imefungwa nayo.

Na hapo ndipo penye jambo ambalo kila mnunuzi wa kitabu pepe angepaswa kuambiwa kabla ya kutoa hela. Julai 2009, watu wa Marekani waliokuwa wamenunua 1984 na Animal Farm za George Orwell kwenye Kindle waliamka wakakuta vitabu vimetoweka. Amazon ilikuwa imevifuta kwa mbali, kwa sababu aliyeviweka sokoni hakuwa na haki ya kuviuza. Wasomaji walirudishiwa pesa. Mwanafunzi mmoja wa sekondari, aliyekuwa ameandika dondoo zake za masomo pembeni mwa 1984, alibaki na dondoo zisizo na kitabu, akaenda mahakamani. Jeff Bezos aliomba radhi hadharani. Kwamba kitabu chenyewe kilikuwa kile cha serikali inayofuta maandishi, hakuna mtunzi ambaye angethubutu kubuni kisa hicho. Funzo la kisheria lilikuwa kavu: katika maduka mengi ya namna hii humiliki kitabu, unamiliki ruhusa ya kukisoma.

Sasa twende upande wa pili wa mpaka.

Miaka 50 baada ya kifo

Orwell alifariki Januari 1950. Ulaya hulinda kazi ya mwandishi kwa miaka 70 baada ya kifo chake. Marekani, kwa vitabu vya zamani, huhesabu miaka 95 tangu kuchapishwa, ndiyo maana 1984, iliyotoka mwaka 1949, bado iko kifungoni huko. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inasema uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kufa. Ya Kenya ya mwaka 2001 inasema hivyohivyo, na ya Uganda ya mwaka 2006 pia. Kwa hesabu hiyo, kitabu ambacho Mmarekani hukinunua, kwetu ni mali ya umma tangu Januari 2001.

Kwa hiyo yule aliyenyimwa ofa ya dola 1.99 ana haki ambayo mwenye ofa hana. Orwell yuko Tanzania bure na kihalali. Hemingway, aliyefariki 1961, vilevile. Faulkner, 1962. Steinbeck, 1968. J. R. R. Tolkien, aliyefariki 1973, miaka yake 50 iliisha pamoja na mwaka 2023. Agatha Christie, aliyefariki Januari 1976, anatufungukia Januari 2027.

Pa kuwapata wengi wao ni Project Gutenberg Australia, inayohifadhi waandishi ambao Australia iliwaachia kabla haijabadili sheria yake, na Faded Page, kazi ya watu wa kujitolea nchini Canada. Tovuti zote mbili humwachia msomaji wajibu wa kuangalia sheria ya nchi yake. Msomaji wa hapa akishaiangalia hupakua na kulala usingizi wake. Ajue tu kwamba tafsiri ina hakimiliki yake mbali: Shamba la Wanyama ya Fortunatus Kawegere, iliyotoka mwaka 1967, ni kazi ya Kawegere, haifuati hesabu ya Orwell.

Project Gutenberg yenyewe, mama wa maktaba hizi zote, ina asili ya kuchekesha. Julai 1971, kijana aitwaye Michael Hart alipewa muda wa kutumia kompyuta kubwa ya Chuo Kikuu cha Illinois, akakosa cha kufanyia, akakaa akachapa Tangazo la Uhuru wa Marekani ili yeyote aweze kulinakili. Leo mkusanyo huo umepita vitabu 70,000. Hautozi, hauombi jina lako, hauombi nenosiri. Ukitaka kazi zilezile zikiwa zimepangwa kwa usafi zaidi, na herufi zinazopendeza kwenye kioo kidogo, tafuta Standard Ebooks.

Watu huniuliza waanze na nini humo, maana vitabu 70,000 ni sawa na kutokuwa na kitabu. Jibu langu huwa ni kusoma viwili viwili, kimoja cha Kiswahili na kimoja cha bure kutoka humo. Chukua Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki, umtazame mpelelezi Bwana Msa na kiko chake na rafiki yake Najum. Kisha pakua visa vya Sherlock Holmes vya Arthur Conan Doyle. Utaona Abdulla wa Zanzibar alichoazima, na utaona zaidi alichokataa kuazima. Au tafuta Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere, tafsiri iliyotoka kwanza mwaka 1963, uifungue mezani huku Julius Caesar ya Shakespeare iko kwenye simu. Ya Shakespeare ni bure. Ya Mwalimu nunua dukani, kwa kuwa alifariki 1999 na hesabu yake bado ndefu. Waliosoma Mashimo ya Mfalme Sulemani shuleni, wakati huo tafsiri za Frederick Johnson zilipokuwa kila darasani, watamkuta mwandishi wake, Rider Haggard, kwa Kiingereza, na ninawaonya: ukubwani anaudhi. Dharau yake kwa Waafrika, ambayo utotoni ilifichwa na hamu ya kujua hazina iko wapi, inasomeka waziwazi. Msome hata hivyo.

Hazina iliyoandikwa kwa lugha yetu

Lakini bure iliyo bora kuliko zote haiko Gutenberg. Iko Internet Archive, ghala la San Francisco lililoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996. Ghala hilo lilishindwa mahakamani na wachapishaji wanne wakubwa, hukumu ikathibitishwa kwenye rufaa mwaka 2024, na vitabu zaidi ya 500,000 viliondolewa kwenye huduma ya kuazima. Vilivyokuwa vimekwisha muda wake havikuguswa, na humo ndimo walimo babu zetu.

Yumo Edward Steere, mmisionari aliyekuja kuwa askofu huko Zanzibar na kuusimamia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini. Mwaka 1870 alichapisha London kitabu cha hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaoutazama. Kina Sultani Darai, kina Goso mwalimu, kina punda wa dobi. Kiswahili chake hakina vumbi. Mzazi anayetaka hadithi za kumsomea mtoto usiku amepata za mwaka mzima.

Yumo Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin, ambaye jina lake limekaa kwenye jalada la vitabu viwili ambavyo kwa haki ni vya wengine. Desturi za Wasuaheli, cha mwaka 1903, kwa sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari. Mtoro, mtu wa mwambao wa Bagamoyo, alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha lugha yake. Anaeleza mimba na uzazi, chuo cha Kurani, harusi, ngoma za pepo, utumwa, biashara ya kwenda bara, na anaandika kama mtu anayezungumza barazani na wageni wasiojua kitu, kwa utulivu na wakati mwingine kwa kejeli. Mwaka 1905 alijaribu kurudi nyumbani na mkewe Mjerumani. Wakuu wa koloni wakawazuia kushuka, ikabidi warudi Ujerumani. Alifia Berlin mwaka 1927. Hakuna mwandishi wa nathari ya Kiswahili ninayeona amesahauliwa kwa dhuluma kama yeye, na kitabu chake ni bure kwa yeyote mwenye simu.

Kitabu cha pili, Safari za Wasuaheli, kilitoka 1901. Ndani yake yumo Salim bin Abakari, aliyemfuata bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896 na kuisimulia safari hiyo kwa Kiswahili. Mtu wa bahari ya joto anaeleza nchi ya barafu. Kingekuwa kimeandikwa na Mzungu aliyekwenda upande wa pili, kingekuwa na matoleo kumi.

Ongeza kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyetoroka Unguja mwaka 1866 na kuandika kwa Kijerumani akitumia jina la Emily Ruete. Tafsiri za zamani za Kiingereza zipo humohumo. Ongeza mithali za W. E. Taylor za mwaka 1891. Anayejua kusoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu ana miswada ya tenzi ambayo chuo cha SOAS, London, kimeipiga picha na kuiweka wazi.

Tahadhari kwa wenye bando dogo. Vitabu hivi ni picha za kurasa, kwa hiyo PDF moja huweza kula makumi ya megabaiti, wakati riwaya ya maandishi matupu ya EPUB kwa kawaida haifiki hata megabaiti mbili. Ipo EPUB inayotengenezwa na mashine pia, lakini kwa vitabu vya Kiswahili vya zamani huwa ni vurugu ya herufi. Subiri uwe kwenye waifai upakue PDF. Tafuta kwa jina la mtu, Steere au Velten, kwa sababu ukiandika neno Kiswahili peke yake utaletewa zaidi vitabu vya sarufi. Kwa watoto, African Storybook, mradi uliozinduliwa Afrika Kusini mwaka 2014, una hadithi nyingi za Kiswahili zenye picha, fupi na nyepesi, na ruhusa ya kuzichapa kwenye karatasi ipo.

Walio hai

Hadi hapa nimezungumzia wafu, na wafu hawanunui unga. Riwaya za waandishi walio hai nazo zinapatikana bure, kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram, mtu akiandika tu "mwenye softikopi anitupie". Ni wizi, hata anayetupa akiwa mwalimu na anayedaka akiwa mwanafunzi. Najua utetezi wake, kwamba kitabu hakipo dukani Singida wala Lodwar, na utetezi huo una ukweli wa kutosha kunizuia kurusha jiwe. Ila mwandishi hajawahi kuongezewa chochote na ukweli huo.

Kwa hiyo pesa uliyookoa kwa Orwell na Steere, iteremshe huku. Nunua Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, ambayo Amil Shivji aliitengenezea filamu mwaka 2021. Nunua Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kutunukiwa Nobel. Nunua N'na Kwetu ya Mohammed Ghassani kama unapenda ushairi, au Penzi la Damu ya Anna Samwel Manyanza. Zote mbili zilitwaa tuzo ya Mabati-Cornell mwaka 2015. Aliyeko Dar es Salaam apite TPH Bookshop, barabara ya Samora. Aliyeko Muscat, Leeds au Toronto aulize African Books Collective, inayosambaza kazi za wachapishaji wa Afrika, za karatasi na za kidijitali.

Na kwa wachapishaji wetu nina maombi mawili. Shaaban Robert alifariki Juni 1962. Kusadikika, aliyoichapisha 1951 akiwa hai, ina zaidi ya miaka kumi tangu hesabu ya miaka 50 iishe, na bado atakayeitaka kwenye simu huishia kwenye picha zilizopinda za nakala ya shule. Mmoja wenu aiandae EPUB safi, yenye dibaji na maelezo ya maneno magumu, auze hiyo kazi ya maandalizi. Pili, uzeni vitabu vya kidijitali kwa bei ya bando la siku chache, vilipiwe kwa M-Pesa, Mixx au Airtel Money, vifike kwa kiungo kwenye ujumbe wa simu, visihitaji kadi wala akaunti ya duka la Marekani. Anayeandika "nitupie softikopi" saa tano usiku ameshaonyesha kwamba anataka kusoma. Mpeni pa kulipia.